NDEGE INAPIGANA JUU, LAKINI INAISHI CHINI
Somo juu ya kambi za ndege za mbele, na juu ya baze yetu ya Kamina



Mwezi huu sisi wafinalisti tumepewa kurasa za somo. Tumechagua jambo lililo karibu nasi: baze ya ndege, ile iliyo mashariki mwa mji wetu. Wengi wetu tuko na wajomba au kaka waliofanya kazi kule. Lakini ukiuliza darasani, "Baze ni ya nini?", utasikiaka jibu moja tu: "Ni ya ndege za askari." Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Juu ya nini iliwekwa hapa, mbali na bahari na mbali na mji mkuu? Juu ya nini karibu kila mara vita ilipoingia katika nchi yetu, kuna watu waliokimbilia kwanza kuishika baze ya Kamina? Na sisi tunaoishi karibu nayo, tuiwaze namna gani?

Neno la kushika ni moja, na mengine yote yanalifuata: ndege ya vita inapigana juu, lakini inaishi chini. Mwenye kushika ile chini, huyo ndiye mwenye ndege.

1. BAZE YA MBELE NI NINI?

Tuanze na maana. Ndege ya kubeba watu inaweza kukaa angani saa nyingi. Ndege ya vita, ile ndogo yenye mbio, haiwezi. Tumbo yake ni ndogo, na moto wake unakula mafuta mingi sana. Kwa hiyo haiwezi kukaa mbali na mahali pa kazi. Lazima isogezwe karibu na eneo linalogombaniwa. Mahali hapo pa kuisogeza panaitwa baze ya mbele.

Watu wengi wanafikiri kwamba baze ni pisti tu, yaani ile barabara ndefu ya kurukia. Sivyo. Tuhesabu vitu ambavyo ndege moja ya vita inahitaji kila siku:

(a) Pisti ndefu na safi, isiyo na mawe. Jiwe dogo likiingia katika injini, injini inakufa.
(b) Mafuta, tena mafuta safi.
(c) Risasi na mabomu, pamoja na nyumba ya kuvifichia.
(d) Mafundi, vyombo vyao, na vipande vya kubadilisha.
(e) Radiyo na watu wa kusoma hali ya hewa.
(f) Maji, chakula, daktari na vitanda kwa watu hao wote.
(g) Askari wa kulinda mchana na usiku.

Mnaona sasa: piloti ni mtu mmoja, lakini nyuma yake kuna kijiji kizima. Tukisema "baze inayohama", maana yake kijiji kile chote kinahama: kinapakiwa leo, kinafunguliwa kesho mahali pengine, na ndege inaruka kesho kutwa. Si kazi ndogo.

2. JUU YA NINI KAMINA?

Baze ya Kamina ilijengwa na Wabelgiji (wazee wetu wanasemaka Babeleji) baada ya vita kuu ya pili. Ile wakati Ulaya iliogopa vita nyingine na Urusi. Ubelgiji ni nchi ndogo, inaweza kujazwa na adui kwa siku chache. Wakawaza hivi: tukifukuzwa kwetu, jeshi letu litakuwa na mahali pa kukimbilia na kujipanga upya. Wakatafuta mahali mbali na adui, penye uwanda mpana, na karibu na reli. Wote tunajua kwamba Kamina ni njia panda ya reli: ya Lubumbashi, ya Ilebo, na ile ya kwenda Kabalo iliyounganishwa mwaka 1956. Kuanzia mwaka 1953 mpaka 1960 palikuwa pia shule ya marubani wa Ubelgiji, waliojifunza kwa ndege za Harvard.

Hapa kuna fundisho la fizika kwa wadogo zetu. Kamina iko juu ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari, na jua letu ni kali. Hewa ya juu na ya moto ni nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kulibeba, na injini nayo inapumua kidogo. Kwa hiyo ndege inataka kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Pisti inayotosha pwani inaweza kukosa kutosha kwetu.

Basi, kusudi la kwanza la baze yetu halikuwa baze ya mbele hata kidogo. Ilikuwa baze ya nyuma, nyumba ya kukimbilia. Uhuru ukafika tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Siku tatu baadaye Umoja wa Mataifa, ONU, ulikata shauri la kutuma askari, na mwaka ule ule ONU ikaichukua baze ya Kamina kutoka kwa Wabelgiji. Hapo nyumba ya nyuma iligeuka kuwa nyumba ya mbele, hata ukuta haukusogezwa. Vita ndiyo iliyosogea.

3. NDEGE MOJA TU: MWEZI WA TISA 1961

ONU ilikuja Kongo kuleta amani. Ilikuwa na ndege za kubeba askari na unga, haikuwa na ndege za vita. Katanga ilikuwa imepata ndege tatu za Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Ni ndege ndogo za kufundishia marubani, lakini zilifungwa bunduki na mabomu. Mapigano yalipoanza Elisabethville (Lubumbashi ya leo) tarehe 13 mwezi wa tisa 1961, ni moja tu iliyokuwa ikipigana. Ilitoka ku Kolwezi.

Ndege hiyo moja ilifanya nini? Iliwapiga askari wa Ireland waliozungukwa Jadotville (Likasi ya leo). Walikuwa zaidi ya 150, chini ya mkubwa wao Pat Quinlan. Walipigana siku kadhaa, maji na risasi zikaisha, wakashikwa tarehe 17. Ilishambulia hata baze yetu ya Kamina. Ndege za ONU za kubeba mizigo zikaogopa kuruka mchana, kwa sababu hakuna wa kuzilinda.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, katibu mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alitoka Léopoldville kwenda Ndola kuzungumza na Tshombe. Kwa kuogopa ile Fouga, ndege yake ilizunguka mbali upande wa mashariki. Ilianguka karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwa ndani walikufa. Sababu ya kuanguka inabishaniwa mpaka leo. Miaka mingi baadaye ONU ilimpa jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania kazi ya kuichunguza upya.

Tusikimbie hapa. Ndege moja ya shule, piloti mmoja, na uwanja mmoja wa Kolwezi wenye mafuta na mafundi. Maelfu ya askari wa ONU walikosa la kufanya. Nguvu yake ilitoka wapi? Ilitoka kwa ule uwanja wa karibu. Kama Fouga ingetokea mbali, isingeweza kufanya hata nusu ya kazi ile.

4. HESABU YA KILOMETA

Baada ya aibu hiyo ONU iliomba ndege za vita. Mwaka ule ule 1961 zilifika kutoka nchi tatu. Uswidi ilileta ndege tano za aina ya J 29. Waswidi wenyewe wanaiita Tunnan, maana yake "pipa", juu ya tumbo yake nene. Ethiopia ilileta Sabre. India ilileta Canberra, ambazo ni kubwa zaidi na za kutupa mabomu.

Sasa tuchukue kalamu. Pipa la Waswidi liliweza kwenda kama kilometa 1100 kwa tangi lake. Adui yuko Kolwezi. Tuweke ndege wapi? Tumepima ku ramani, kwa mstari ulionyooka:

Léopoldville mpaka Kolwezi: kama km 1300.
Luluabourg (Kananga ya leo) mpaka Kolwezi: kama km 630.
Baze ya Kamina mpaka Kolwezi: kama km 230.
Baze ya Kamina mpaka Elisabethville: kama km 410.

Kutoka Léopoldville ndege haifiki hata kwenda tu. Kutoka Luluabourg inafika, lakini kwenda na kurudi ni km 1260, inazidi 1100. Lazima ibebe matangi ya kuongeza, na hata hivyo haibaki na mafuta ya kupigana. Kutoka Kamina, kwenda na kurudi ni km 460. Inabaki na mafuta ya km 640 kwa kutafuta, kupigana, na kuzunguka mvua.

Tuhesabu pia saa. Tuseme ndege inakwenda km 800 kwa saa moja. Luluabourg mpaka Kolwezi ni dakika 47. Kamina mpaka Kolwezi ni dakika 17. Askari aliyezungukwa akiita kwa radiyo, dakika 17 ni msaada. Dakika 47, labda utamkuta amekwisha kushikwa. Tena kwa siku moja, ndege iliyo karibu inaweza kwenda mara tatu au nne, na ile ya mbali mara moja au mbili. Kwa hiyo ndege tano zilizo Kamina ni kama kumi zilizo mbali. Hiyo ndiyo sababu yote ya baze ya mbele, ndugu zetu. Ni hesabu ya darasa la sita, lakini watu walikufa kwa kuikosa.

Hesabu hii Biblia inaijua pia. Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mfalme anayetaka kwenda vitani: kwanza anaketi, anapima kama elfu kumi wake wanaweza kusimama mbele ya elfu ishirini.

5. WALIOPIGWA CHINI

Mwezi wa 12 mwaka 1961 mapigano yalirudi. Mara hii ndege za ONU zilikwenda zenyewe Kolwezi kuupiga uwanja. Mwaka 1962 India ilirudisha Canberra zake kwa sababu ya vita yake ya mpakani na China. Uswidi iliongeza Mapipa mengine, pamoja na ndege mbili za kupiga picha kutoka juu. Picha zilionyesha nini kiko ku uwanja gani.

Tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1962 ONU ilianza mapigano ya mwisho. Mapipa yalitoka Kamina, yakashuka chini ya mawingu, yakazipiga ndege za Katanga kwa mizinga yao ya milimeta 20. Nyingi ziliteketea zikiwa zimesimama, na kati yao kulikuwa Harvard, jamii moja na zile zilizokuwa zikifundishia hapa kwetu. Ndege za Katanga hazikuweza tena kusimama mbele yao. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1963 ONU iliingia Kolwezi, na kujitenga kwa Katanga kukaisha.

Angalieni vizuri: ndege hizo hazikushindwa angani. Zilishindwa chini, nyumbani mwao, zikiwa hazina mafuta moto wala piloti ndani. Tarehe 5 mwezi wa sita 1967 jambo kama hilo lilitokea Misri: kwa saa chache Israeli iliharibu mamia ya ndege za Misri, karibu zote zikiwa chini. Ndege iliyosimama ni kama kuku aliyefungwa miguu.

6. KISIWA KATIKATI YA WATU

Hapa tunafika kwa upande mwingine wa somo. Kukaa mbele kunaongeza nguvu, lakini kunaongeza hatari pia. Wakati ONU ilikaa ku baze, mji wetu wa Kamina wenyewe ulikuwa mikononi mwa askari wa Katanga. Ulishikwa na ONU tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 1962 tu. Wazeni: zaidi ya mwaka mzima ndege za vita ziliruka kutoka mahali ambapo mji wa jirani na njia za kutokea vilikuwa vya upande mwingine. Baze ilikuwa kisiwa. Kila pipa la mafuta lililoletwa kwa ndege, ndege iliyolileta ilikuwa imekwisha kuunguza mafuta mengine njiani. Ndiyo maana baze ya mbele ni kitu cha bei kali sana.

Na vita ilipoisha? Mwaka 1963 Waswidi walihesabu tena. Ndege zao zilikuwa zimezeeka, na kuzirudisha kwao kulikuwa ghali. Kadhaa kati yao walizilipua papa hapa Kamina kwa baruti. Ndege ambazo juzi zilikuwa nguvu kubwa kuliko zote katika Katanga, leo ni vipande vya aluminiyumu. Zilipokosa mwenye kuzilisha, hazikuwa kitu.

7. BAZE INAYOHAMA

Kama baze ya mbele inaweza kupigwa, tufanye nini? Jibu la nchi fulani ni hili: tusikae mahali pamoja. Uswidi, kwao nyumbani, walijenga mpango wa kutawanya ndege zao. Badala ya kuziweka zote ku uwanja mmoja mkubwa, walitengeneza vipande vya barabara za kawaida na pisti fupi za mita 800 hivi, zilizofichwa katika misitu. Ndege inashuka barabarani, gari la mafuta linatoka msituni, ndege inajazwa, inaondoka. Waswidi wanasema kwamba ndege yao ya Gripen inaweza kujazwa mafuta na silaha kwa dakika 10 hivi, na fundi mmoja akisaidiwa na vijana watano wa jeshi. Vijana hao ni wa miaka yetu sisi wafinalisti!

Vita ya amani-kali kati ya Urusi na Marekani ilipoisha, Waswidi waliacha sehemu kubwa ya mpango huo, kisha katika miaka hii wameanza kuurudia. Marekani nayo inafundisha jeshi lake la anga kugawanyika katika viwanja vidogo vidogo. Ukraine, iliposhambuliwa na Urusi mwezi wa pili 2022, ilizihamisha ndege zake huku na huku. Viwanja vilipigwa tangu siku ya kwanza, lakini ndege nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Hebu tuulize: njia hiyo ingewezekana kwetu? Baze inayohama inataka barabara nzuri, madaraja yenye nguvu, magari yanayowaka asubuhi, mafundi wengi waliosoma, na mafuta yasiyoibiwa njiani. Wenye kuona njia zetu wakati wa mvua wanajua jibu. Kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba kuhamahama ni njia ya maskini. Ni njia ya nchi iliyojipanga. Anayetaka kuhamisha baze, atengeneze kwanza barabara na shule.

8. MLANGO NA MWENYE NYUMBA

Tuendelee na baze yetu baada ya ONU. Mwezi wa 11 mwaka 1964, Wabelgiji walirudi. Parakomando wao waliletwa na ndege za Marekani, wakapitia kisiwa cha Ascension, wakashuka Kamina. Tarehe 24 alfajiri waliruka kutoka hapa mpaka Stanleyville (Kisangani ya leo), km 1000 hivi, kuwatoa wazungu walioshikwa na wapiganaji wa Simba. Mwezi wa tano 1978, wapiganaji waliotoka Angola walipouchukua mji wa Kolwezi, Wafaransa waliruka kutoka Kinshasa, na Wabelgiji wakapitia tena Kamina.

Serikali ya Zaire nayo ilijaribu. Katika miaka ya 1970 ilinunua ndege za Mirage 5 kutoka Ufaransa, na Kamina ikawa nyumba yao. Lakini vita ya mwaka 1996 ilipofika, Mirage hizo hazikuonekana angani. Kununua ndege ni siku moja. Kuilisha ni kila siku.

Tukiweka mambo hayo pamoja tunaona jambo linalotuuma. Pisti ni ile ile, uwanda ni ule ule, lakini waliokuja wakaitumia vizuri, mara nyingi walikuwa wageni, kila mmoja na kusudi lake. Baze ni kama mlango. Mlango haujui ni nani anayepita. Mwenye nyumba asipoulinda na kuutengeneza, atakayefika na funguo ndiye atakayeingia.

Na mambo haya si ya zamani tu. Ndege za Sukhoi 25 za jeshi letu ziliruka kutoka uwanja wa Goma, karibu kabisa na mapigano ya Kivu. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023 moja yao ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda ilipokuwa ikirudi kushuka Goma. Ilishuka ikiwaka moto. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 waliingia Goma na uwanja ukapotea. Tarehe 14 mwezi wa pili ukapotea pia ule wa Kavumu, ulio wa Bukavu. Kutoka Kisangani mpaka Goma ni km 500 hivi. Rudini ku hesabu ya sehemu ya 4, mtajua wenyewe maana yake. Jeshi linaweza kuwa na ndege nzuri, lakini likipoteza uwanja wa karibu, ni kama ndege zimepungua nusu kwa siku moja, hata kama hakuna iliyoanguka.

9. NA SISI TUNAOISHI KARIBU?

Kati yetu wafinalisti kulikuwa na mabishano makali. Wengine walisema: afadhali baze isingejengwa, kwa sababu inavuta vita kwetu. Wengine walisema: bila baze, Kamina ingekuwa gare tu ya kubadilisha gari moshi. Baada ya kubishana sana, tumeafikiana mambo matatu.

Kwanza, baze haitahama. Iko hapa, na uwanda huu utaendelea kutamaniwa na kila mwenye ndege. Kusema "isingejengwa" ni kujificha nyuma ya kidole.

Pili, watu wa karibu wana haki. Protokole ya kwanza ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwa mapatano ya Geneva inasema kwamba wenye vita waepuke, kadiri inavyowezekana, kuweka vitu vya vita ndani ya makao yenye watu wengi au karibu nayo. Tukumbuke hapo wazo la baze inayohama: ndege ikifichwa barabarani karibu na kijiji, inakuwa salama zaidi, lakini kijiji kinakuwa hatarini zaidi. Mkubwa wa jeshi anahesabu ndege. Ni lazima mtu mwingine ahesabu watoto. Tukipata siku moja kazi za ukubwa, hesabu hiyo ya pili tusiisahau.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa shule kama yetu. Tumeona kwamba nyuma ya piloti mmoja kuna kijiji cha mafundi, watu wa radiyo, wapima hewa, wauguzi, madereva, wapishi na watunza hesabu za mafuta. Hao ndio waliokosekana kwetu, na ndiyo sababu wageni walifika na wa kwao. Wengi wetu tukisikia makelele ya ndege tunatoka darasani kuangalia juu. Si vibaya. Lakini mwenye kuipenda nchi aangalie pia chini: hesabu, fizika, ufundi, na ule uaminifu wa kutouza mafuta uliyowekwa kuyalinda. Mwenye kujifunza hivyo anaweza kuhudumia uwanja wa vita, na vilevile uwanja wa amani, unaoleta dawa na unga na daktari. Sisi tunaomba Mungu atupe huo wa pili.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA KIKUNDI

1. Ndege inaweza kwenda km 1100 kwa tangi moja. Inatoka baze ya Kamina kwenda Elisabethville, km 410, kisha inarudi. Inabaki na mafuta ya kilometa ngapi?
2. Juu ya nini ndege inahitaji pisti ndefu zaidi Kamina kuliko pwani ya bahari? Toeni sababu mbili.
3. Kati ya vitu (a) mpaka (g), ni kipi kinachoweza kukosekana siku moja bila kuzuia ndege kuruka? Kila kikundi kijitetee mbele ya darasa.
4. Baze inayohama inalinda nani, na inahatarisha nani?
5. Waulizeni wazee wa nyumbani: wanakumbuka nini juu ya baze? Andikeni majibu ya watu wawili, bila kutaja majina yao, mtuletee kabla ya mwisho wa mwezi. Tutayasoma mbele ya shule yote.

Jibu la swali la 1 ni km 280. Yale mengine hayana jibu la mkato.

Tunawatakia masomo mema. Wafinalisti wenzetu, Eksetat iko karibu, tusilale.

Kwa niaba ya wafinalisti,
Kapita wa wanafunzi